Kuanika na Kuvundika

Kijitabu kilikuwa na kurasa 12, na neno lililonishinda lilikuwa pale pale kwenye jalada. Nilikuwa nimepewa kazi ya kukitafsiri kwa ajili ya wakulima wa Uasin Gishu, wale wanaofuga ng'ombe wa nyama na papo hapo kulima mahindi na ngano. Mwandishi wake alikuwa mtu wa nchi za theluji. Kila ukurasa ulieleza namna ya kuwatunza ng'ombe katika ile miezi ambayo kwao ardhi huganda na majani hukoma kumea. Kamusi ilinipa jibu mara moja: kipupwe. Nikaliandika kwa herufi kubwa, nikapanda matatu ya Moiben kumpelekea mzee mmoja rafiki yangu akisome kabla hakijakwenda kwa mpiga chapa.

Mzee alivaa miwani, akasoma jalada, akalirudia.

"Mwalimu, hiki kipupwe ni lini?"

"Ni Juni hadi Agosti, Mzee. Wakati wa baridi."

Akaangalia nje, akanirudishia kijitabu. "Julai ng'ombe wangu hula mpaka wakalala chini kwa shibe. Sasa hapo unataka kunifundisha kuwalisha nini?"

Sikuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo nimelibeba swali lake kama mtu aliyekabidhiwa deni, na makala haya ni namna yangu ya kulilipa.

Kipupwe ni neno zuri, na halina kosa lolote kwao lilikozaliwa. Kule pwani, mvua za masika zikishapungua na upepo wa kusi ukawa umetawala, hewa hupoa, bahari huchafuka, na watu hutafuta shuka usiku. Hicho ndicho kipupwe. Kina ndugu zake katika kalenda ya pwani: masika, vuli, mchoo, demani, kiangazi. Ni kalenda iliyotungwa na watu waliosoma mwaka kwa upepo, kwa sababu upepo ndio uliowapa au kuwanyima safari. Hata neno msimu limetoka kwa Waarabu waliolitumia kwa majira ya pepo za kusafiria. Jahazi lilishuka na kaskazi, likapakua tende na kupakia boriti, likangoja kusi lirudi. Msimu kwa baharia ulikuwa muda wa kungoja.

Ukiipandisha kalenda hiyo hadi Eldoret, mita zipatazo 2,100 juu ya bahari, baadhi ya maneno hukosa pa kukaa. Watoto wa shule hufundishwa kwamba Kenya ina mvua za masika na mvua za vuli. Mtoto wa Machakos huelewa, kwa kuwa kwao hupandwa mara mbili kwa mwaka. Mtoto wa Ziwa au wa Soy hukariri tu ili apite mtihani. Kwao mvua huanza mwishoni mwa Machi au mapema Aprili, na hunyesha hadi Septemba. Mahindi hupandwa mara moja, hukaa shambani miezi sita, saba, hata zaidi, na huvunwa kati ya Oktoba na Desemba. Baridi ya Julai ni kweli ipo, watu huvaa makoti mazito na kuota moto, lakini ni baridi yenye mvua, na mvua ni majani. Kwa mtu ni wakati wa kujikunyata. Kwa ng'ombe ni wakati wa karamu.

Basi kile ambacho theluji huwafanyia ng'ombe wa Uskoti, huku hufanywa na nini? Jibu liko Januari. Mbingu ni buluu tupu, vumbi la barabara ya Moiben limepaka ua rangi ya kahawia, nyasi zimekauka hadi mzizini, na ng'ombe husimama kando ya uzio tangu asubuhi wakiangalia kibanda cha chakula. Hakuna linalomea. Kila kinachoingia kinywani kimetoka kwenye akiba. Hicho ni kiangazi, na kiangazi ndicho majira ya dhiki ya ng'ombe wa Uasin Gishu.

Hapo ndipo istilahi inapotega mtego. Magazeti na redio zetu hutumia kiangazi kutafsiri majira ya joto ya Ulaya, yale ambayo wenzetu huyapenda kwa sababu majani ni mengi na jua halitui mapema. Kiangazi cha habari za kimataifa ni neema. Kiangazi cha Moiben ni mtihani. Neno ni moja, jua ni moja, lakini hori la ng'ombe linasema mambo mawili yanayopingana. Mfasiri anayepima maneno kwa kipimajoto atasema theluji na kiangazi havikutani kamwe. Anayepima kwa hori ataona ni ndugu wa tumbo moja.

Nilipolitazama neno lenyewe kwa karibu, nilizidi kulipenda. Ndani ya kiangazi mna angaza. Ni kipindi cha mwanga, kipindi ambacho wingu haliko na kila kitu kiko peupe. Na kwa mfugaji ndivyo kilivyo. Kiangazi humulika kazi ya mwaka mzima. Aliyekata nyasi na asiyekata huonekana, aliyepanga na aliyeahirisha huonekana, na wote huonekana kwenye mbavu za ng'ombe.

Wala pwani haikutupotosha kama nilivyodhani mwanzoni. Upepo unaotukaushia nyasi kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, ule ule uliokuwa ukisukuma majahazi kutoka Uarabuni hadi Mombasa. Bandarini ulileta wageni na bidhaa, huku juu huleta hewa kavu. Baharia wa zamani na mfugaji wa leo wamo katika msimu mmoja, na kazi yao inafanana: kungoja upepo ugeuke, wakila walichojiwekea.

Kabla Kiswahili hakijapanda mlima, nyanda hizi zilikuwa na maneno yake. Jina la kaunti lenyewe lina ng'ombe ndani yake, kwa maana Wamaasai walioishi hapa husema inkishu wakimaanisha ng'ombe. Wakalenjin nao wameandika majira na saa za mifugo mahali ambapo haziwezi kupotea, katika majina ya watoto. Kiprop na Cherop walizaliwa mvua ikinyesha. Kipkemei na Chepkemei walizaliwa kiangazi, wakati wa ukavu na upungufu wa chakula. Kiplimo alizaliwa asubuhi ng'ombe wakipelekwa malishoni, Kiprotich jioni wakirejea. Na Kipchoge ni yule aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka. Dunia hulisikia jina hilo katika matangazo ya riadha, na hapa Eldoret uwanja wa michezo unaitwa Kipchoge Keino, mshindi wa dhahabu ya mita 1,500 kule Mexico mwaka 1968. Wachache hukumbuka kwamba kila wanapolitamka wanataja ghala. Mvua, ukavu, malisho, ghala: hayo ndiyo mafunzo yote ya kijitabu changu, na majirani zangu huyaitikia kila siku wanapoitwa majina yao.

Maneno ya vifaa yana historia nyingine. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu ulipanda hadi kwenye nyanda hizi kwa magari ya kukokotwa na maksai, na mji wa Eldoret ukaanzia kwenye shamba nambari 64, hata wenyeji wakauita Sisibo. Reli ilifika mwaka 1924. Katika mashamba ya walowezi kilikua Kiswahili cha amri na cha kazi, na kifaa kilikuja na jina lake: trekta, plau, haro, tela, kombaini. Hadi leo mkulima husema amelima na kupiga haro, na husema amenunua beli za nyasi. Kamusi ina neno robota, lililotumika tangu zamani kwa pamba na nguo bandarini, na ina mtumba, ambao sasa umebaki kwa nguo kuukuu. Sina ugomvi na beli. Ni fupi, linatamkika vizuri, na kila mtu sokoni anajua uzito wake, kilo 15 hivi. Neno linaloweza kupimwa na kulipiwa limeshapata uraia. Nyasi yenyewe, Boma Rhodes, ina jina lililofungwa kama ndoa ya ajabu: boma, neno letu la ua na nyumbani, likiwa bega kwa bega na jina la Cecil Rhodes. Wakulima huita boma tu, na kwa hekima hiyo wameshaamua nani abaki.

Lakini vifaa vikiwa na majina ya kuja, matendo yana majina ya kuzaliwa. Nilikwama kwenye ukurasa wa nne, penye aina mbili za chakula cha akiba. Ya kwanza ni nyasi zinazokatwa na kukaushwa. Ya pili ni mahindi mabichi yanayokatwakatwa, kushindiliwa na kufunikwa hadi yachachuke, ambayo wengi wetu huyaita sileji. Niliandika "hei" na "sileji", kisha nikahisi nimeandika sauti mbili zisizomwambia mgeni lolote. Ndipo nikakumbuka vitenzi viwili vya jikoni kwa nyanya yangu. Mpunga na samaki aliwaanika. Ndizi mbichi alizivundika.

Tazama vitenzi hivyo vinavyofanana mwishoni. Anika, vundika, funika, tundika, bandika, simika. Vyote hueleza mkono unaokiweka kitu katika hali fulani, kisha unakiacha. Aliyeanika ameweka juani na kuondoka, kazi ni ya jua. Aliyevundika ameweka gizani na kuondoka, kazi ni ya giza. Kiswahili kimeihifadhi elimu nzima ya akiba katika silabi mbili za mwisho: fanya sehemu yako kwa usahihi, halafu vumilia. Malisho ya kuanikwa na malisho ya kuvundikwa. Niliyaandika hivyo, na kwa mara ya kwanza ukurasa wa nne ukawa unasema.

Bado nilitaka kuhakikisha. Februari nilirudi Moiben siku ambayo mzee alikuwa anafungua shimo lake la mahindi ya kuvundikwa. Kijana wake aliondoa matairi makuukuu juu ya plastiki, akapangua udongo, akakunja plastiki upana wa mikono miwili tu, asije akaruhusu hewa kupita nyuma. Akachukua sepetu na kukata kwa wima, kutoka juu hadi chini, kama mtu anayekata mkate. Mahindi hayo yalikatwa mwishoni mwa Agosti punje zikiwa zimeanza kukauka maziwa, yakasagwa vipande vya sentimita mbili, trekta likapita juu yake mara nyingi hadi hewa ikatoka. Sasa rangi yake ilikuwa ya kijani iliyoelekea manjano. Mzee aliteka konzi, akaikamua. Halikudondoka hata tone. Akainusa, akanipa.

"Inanuka nini, Mwalimu?"

Ilinuka ukali mtamu, kama kibuyu cha mursik, maziwa ya kuchachushwa ya Wakalenjin, kinapofunguliwa.

"Ndiyo hiyo hiyo," akasema, nami nilijua hakutia chumvi. Maziwa ndani ya sotet, yaani kibuyu, na mahindi ndani ya shimo huhifadhiwa na kazi ile ile. Vijidudu visivyohitaji hewa hula sukari na kutoa asidi ya laktiki, na asidi hiyo huzuia kuoza. Mama zake walikuwa wakivundika maziwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kumletea plastiki na maelezo.

Kisha tulifika kwenye pembe moja ambapo panya alikuwa ametoboa. Palikuwa peusi, pana ukungu mweupe, na harufu yake iliturudisha nyuma hatua mbili. Uvundo. Nilisimama pale nikistaajabia lugha yangu. Vundika na uvundo ni watoto wa vunda, kuharibika na kunuka. Neno lile lile linalotaja ustadi linataja pia kushindwa kwake, na baina yao pana tundu la panya tu. Wahenga walisema akiba haiozi. Mkulima anayevundika anajua kwamba methali hiyo si ahadi ya bure, ni sharti. Akiba haiozi ikiwa mtu amekanyaga vizuri, amefunika vizuri, na amekagua.

Akiba hiyo pia huhesabika, na hesabu yake ni rahisi kuliko tunavyoiogopa. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 10 za chakula kikavu kwa siku. Kiangazi cha siku 90 ni kilo 900. Kwa beli za kilo 15, hiyo ni beli 60 kwa kila kichwa. Mwenye ng'ombe 10 atafute nafasi ya beli 600, au apunguze ng'ombe Novemba wangali wamenona.

Nimesema wamenona kwa makusudi. Kiswahili kizuri husema mtu hunenepa na mnyama hunona. Vitabu vya siku hizi vimeanza kuandika unenepeshaji wa ng'ombe, nami sioni sababu ya kuliacha neno nona lililo tayari. Kunona si ukubwa wa mwili peke yake, ni mafuta yaliyoingia katika nyama. Ni neno la mchinjaji na la mlaji, na mfugaji wa ng'ombe wa nyama anauza hilo hasa. Ng'ombe anayepoteza Januari alichokipata Agosti anamrudisha mwenyewe nyuma mwaka mzima. Basi kunonesha ni kazi, na kutokondesha ni kazi iyo hiyo ikitazamwa upande wa kiangazi.

Neno la mwisho lililonizuia ni lile linaloonekana duni kuliko yote: mabua. Ukipita barabara ya Eldoret kwenda Ziwa mwezi wa Novemba utayaona yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu, yakiegemeana, mahindi yakikaukia humo. Yakishavunwa, gunzi huachwa na punje, na bua huachwa na gunzi. Ndipo hoja huanza. Mwenye ng'ombe huona chakula. Mwenye shamba huona udongo wa kesho, kwa maana bua likifukiwa hurudisha ardhini sehemu ya kile lilichokichukua. Katika shamba la mchanganyiko watu hawa wawili ni mtu mmoja, na kila Desemba hubishana naye mwenyewe. Tena mabua peke yake hayatoshi. Yana protini ya asilimia 4 au 5 hivi, ilhali vijidudu vya tumbo la ng'ombe huanza kulegea ikipungua 7. Ng'ombe anaweza kushiba mabua na kukonda akiwa ameshiba. Ndiyo maana mzee huyakata vipande, huyanyunyizia molasi, huyachanganya na alichokivundika, na sehemu huiachia ardhi. Ng'ombe nao huyalipa mabua kwa samadi, ambayo hubebwa kwa tela hadi shambani kabla ya plau. Nimejaribu kutafuta istilahi moja ya mzunguko huu, nikaona wakulima hawaihitaji. Husema tu kwamba ng'ombe na shamba wanalishana. Nikaandika hivyo.

Ilibaki jalada. Kipupwe nilikwisha kukifuta. Nilijaribu "kulisha ng'ombe wakati wa kiangazi", likawa sahihi lakini limekaa tuli, kana kwamba kiangazi ni mahali pa kukaa. Kisha nikakumbuka namna watu wa hapa wanavyozungumza Machi, mawingu yanapoanza kujikusanya alasiri upande wa Nandi. Hawaulizani kama walilisha. Huulizana: "Mmevuka?" Na aliyepoteza wawili watatu husema hakuweza kuwavusha. Kuvusha ni kazi ya mwenye mtumbwi. Huwezi kuifanya kwa kusimama ukingoni, wala huwezi kuianza maji yakiwa yamekufika shingoni. Niliandika: Kuvusha Ng'ombe Kiangazi.

Nilimsomea mzee. Alikubali kwa kichwa, akafungua ukurasa wa kwanza, kidole kikasimama kwenye sentensi niliyoitafsiri neno kwa neno: kiangazi kinapofika, mkulima aanze kuandaa chakula cha mifugo.

"Hapa bado," akasema. "Kikifika umeshachelewa. Mimi hukata mahindi ya shimo Agosti, vidole vikifa ganzi kwa baridi. Nyasi za beli nazivizia Septemba, mvua ikinipa siku tatu za jua. Andika ile baridi yako, Mwalimu. Ile uliyoiandika mara ya kwanza."

Nikatoa kalamu nikaandika pale pale mezani: katika kipupwe, mvua ingali inanyesha na ng'ombe wangali wameshiba, ndipo mkulima wa Uasin Gishu huanza kukivuka kiangazi. Mzee akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Nje, kijana wake alikuwa anarudisha matairi juu ya plastiki, moja baada ya jingine, akilikanyaga kila moja kwa mguu ili likae.